Kupima mguu kifundo wa mtoto kwa alama za Pirani, hatua kwa hatua

Mtoto wa wiki tatu mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa unyayo wake umepinda kuelekea ndani na chini, analetwa kliniki Jumanne asubuhi. Mfiziotherapia anampima kwa alama za Pirani, kipimo cha ukali wa mguu kifundo, na kuandika 5 kati ya 6. Saa moja baadaye mwenzake anampima mtoto yuleyule na kuandika 3. Hiyo tofauti ya alama mbili ni kubwa. Inaweza kumfanya mtu akate kano ya kisigino kabla ya wakati, au aendelee kufunga plasta juu ya mguu ambao hausogei tena.

Nimeliona kosa hili kwenye kadi nyingi mno, na karibu kila mara chanzo chake kimekuwa kimoja: mpimaji ameangalia umbo la mguu akakisia namba, badala ya kuuliza kila kiungo kimoja kimoja kama kinasogea. Mwongozo huu ni wa mfiziotherapia, afisa tabibu, muuguzi au fundi wa plasta anayetaka namba zake ziaminike na mwenzake wa zamu inayofuata.

Kipimo chenyewe kina vipengele sita: vitatu vya katikati ya unyayo, vitatu vya nyuma. Kila kipengele hupewa 0, 0.5 au 1. Mguu wa kawaida jumla yake ni 0, na mguu uliokaza kabisa ni 6.

## Vitu vya kuwa navyo

- Rula fupi ya plastiki inayoonyesha upande wa pili. Kadi ngumu yenye ukingo ulionyooka pia inatosha.
- Fomu ya alama, yenye nafasi ya kuchora mstari wa wiki kwa wiki.
- Kalamu ya kuandika kwenye ngozi.
- Taa unayoweza kuisogeza. Dirisha lenye mwanga wa pembeni ni zuri zaidi ya taa ya dari.
- Maji ya uvuguvugu na sabuni. Osha mikono, kisha ipashe joto. Mkono wa baridi humfanya mtoto avute mguu, na mguu uliovutwa haupimiki.
- Kitenge au shali ya kumfunika mtoto tumboni.
- Mama na maziwa yake. Hiki ndicho kifaa cha kwanza kwa umuhimu, ingawa nimekiweka mwisho.

Goniometa, kifaa cha kupimia pembe za viungo, si lazima. Nusu na nzima za kipimo hiki hazihitaji digrii. Zinahitaji vidole vinavyojua vinagusa nini.

## Mifupa unayopaswa kuijua kwa vidole

Usiende mbele kabla hujaelewa sehemu hii. Hapa ndipo wengi wanapopotea.

Chini ya mfupa wa ugoko kuna mfupa unaoitwa talasi. Talasi hukaa ndani ya kifundo kama kigingi, imeshikwa na nundu mbili: ya ndani na ya nje. Mbele yake ina kichwa cha mviringo. Kwenye mguu wa kawaida kichwa hicho hufunikwa na mfupa mwingine mdogo, navikula, mfano wa kifuniko juu ya chungu. Chini ya talasi kuna mfupa wa kisigino, na mbele ya kisigino, upande wa nje, kuna mfupa mdogo uitwao kuboidi.

Katika mguu kifundo, navikula imevutwa kuelekea ndani hadi inakaribia kugusa nundu ya ndani. Kichwa cha talasi kinabaki wazi upande wa nje, chini ya ngozi tu. Mfupa wa kisigino nao umezungukia ndani chini ya talasi, na ncha yake ya nyuma imevutwa juu na kano ya kisigino.

Mifupa hii mitatu, navikula, kuboidi na kisigino, husogea kwa pamoja kuizunguka talasi. Huwezi kunyoosha kisigino peke yake huku sehemu ya mbele ikiwa imefungwa ndani. Ndiyo sababu katika matibabu ya Ponseti, njia ya kunyoosha mguu kwa plasta za mfululizo, tunapeleka unyayo nje kwanza huku tumeegemea kichwa cha talasi, na kisigino kinajifungua chenyewe bila kuguswa. Ukilielewa hili, utaelewa pia kwa nini alama za katikati hushuka mapema na za nyuma huchelewa.

## Nani apimwe, nani asipimwe

Alama hizi zilitengenezwa kwa mtoto wa chini ya miaka 2 aliyezaliwa na mguu kifundo ambao haujafanyiwa upasuaji. Nje ya hapo unaweza kuandika namba, lakini usiitegemee kuamua matibabu.

Dkt. Shafique Pirani, aliyekiasisi kipimo hiki, ni mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kanada, na alishiriki kupeleka matibabu ya Ponseti katika hospitali za Uganda. Huko maofisa wa mifupa ambao si madaktari walifundishwa kupima na kufunga plasta wenyewe. Nalisema hili kwa sababu bado nakutana na watu wanaodhani kupima ni kazi ya daktari bingwa peke yake.

## Hatua ya 1: Mtulize mtoto

Mlaze chali juu ya meza, au juu ya mapaja ya mama, miguu ikielekea kwako. Kaa chini. Ukipima ukiwa umesimama, mkono wako utakuwa unasukuma kutoka juu na utatumia nguvu usiyoijua.

Mwambie mama: "Mama, mnyonyeshe kidogo, tukimaliza ndipo tutafunga." Usimwambie aje na mtoto mwenye njaa ili anyonye wakati wa plasta tu. Mtoto anayelia hukaza shavu la mguu, na kifundo kilichokazwa na kilio kitakupa alama 1 mahali palipostahili 0.5.

Kama mtoto ana plasta ya wiki iliyopita, itolewe hapohapo kliniki muda mfupi kabla ya kupima. Plasta ikilowekwa na kufunguliwa nyumbani usiku uliotangulia, mguu huanza kurudi nyuma, nawe utaandika alama ya mguu ambao ulikuwa bora zaidi saa kumi na mbili zilizopita. Kabla ya kuitoa, angalia vidole. Vikiwa vimezama ndani ya plasta, plasta ilishuka. Andika hivyo kwenye kadi.

Utajua umefaulu ukiweza kuushika mguu kwa vidole viwili na mtoto asiuvute.

## Hatua ya 2: Mwangalie mtoto mzima

Mvue nguo zote. Angalia mgongo: je, kuna uvimbe, kishimo au shada la nywele juu ya uti wa mgongo? Angalia nyonga, magoti, viwiko na mikono. Viungo vingi vikiwa vimekakamaa, au mgongo ukiwa na kasoro, huo si mguu kifundo wa kawaida, na mtoto anahitaji kuonwa na daktari kabla ya mpango wowote.

Kisha uulize mguu wenyewe swali moja la haraka. Usukume taratibu. Ukinyooka wote kwa kidole kimoja, ulikuwa umekaa vibaya tumboni mwa mama tu. Kama sehemu ya mbele imepinda ndani lakini kifundo kinainuka vizuri, hapo una tatizo la metatasali, mifupa mirefu ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, na si mguu kifundo. Usifunge plasta za mfululizo kwa sababu tu unyayo umegeukia ndani.

Mguu mmoja ukiwa mzima, anza kuugusa huo. Vidole vyako vitakuwa na kitu cha kulinganisha. Miguu yote ikiwa imepinda, kila mmoja una alama zake. Usiandike wastani.

## Hatua ya 3: Ukingo wa nje

Kwenye fomu nyingi imeandikwa CLB. Utazame unyayo kutoka chini, mguu ukiwa umetulia, bila kuusukuma. Laza rula kwenye ukingo wa nje wa kisigino, kisha fuata kwa macho uone ukingo wa unyayo unaachana na rula wapi.

- 0: ukingo umenyooka kutoka kisigino hadi kichwa cha metatasali ya tano, yaani kwenye mzizi wa kidole kidogo.
- 0.5: unaachana na rula huku mbele, kwenye metatasali.
- 1: unaachana mapema, kwenye kiungo cha kisigino na kuboidi.

Kosa la kila siku ni kukifuata kidole kidogo. Vidole havihesabiki hapa, kwani mtoto huvikunja na kuvikunjua apendavyo. Kosa la pili ni kulaza rula katikati ya unyayo. Ikianza vibaya kisiginini, mstari wote ni wa uongo.

## Hatua ya 4: Mkunjo wa ndani

Kwenye fomu ni MC. Ushike unyayo, uupeleke kwa upole kuelekea kunyooka mpaka unapokataa, uushikilie hapo, kisha uangalie tao la ndani.

- 0: mikunjo midogo mingi isiyobadilisha umbo la tao.
- 0.5: mikunjo miwili au mitatu ya wastani.
- 1: mkunjo mmoja wa kina unaolivunja tao.

Kwenye ngozi nyeusi, mwanga wa kutoka juu hufuta kivuli na mkunjo wa kina huonekana wa kawaida. Lete taa kutoka pembeni. Pia, uitazame mikunjo huku umeushikilia mguu katika mnyooko. Mguu uliolegea hujikunja, na kila mtoto atapata 1.

## Hatua ya 5: Mkunjo wa nyuma

Kwenye fomu ni PC. Inua unyayo kuelekea ugoko hadi unapokataa, bila kulazimisha, kisha uangalie nyuma ya kifundo, juu ya kisigino.

- 0: mikunjo midogo mingi, na umbo la kisigino halijabadilika.
- 0.5: mkunjo mmoja au miwili ya wastani, na kisigino bado kina umbo lake.
- 1: mkunjo mmoja wa kina unaokata umbo la kisigino.

Mtoto mnene wa miezi minne ana mikunjo kila mahali. Swali si idadi ya mikunjo. Swali ni kama mkunjo umebadilisha umbo.

## Hatua ya 6: Kisigino kitupu

Kwenye fomu ni EH. Ushike mguu katika mnyooko mdogo tu. Weka ncha ya kidole kimoja kwenye kona ya chini ya nyuma ya kisigino na ubonyeze polepole. Unautafuta mfupa wa kisigino.

Kabla ya kubonyeza kisigino, bonyeza uso wako. Njia hii ni ya kale katika mafunzo na bado sijaona iliyo bora:

- 0: unahisi mfupa mara moja, kama unapogusa kidevu chako.
- 0.5: unahisi mfupa lakini uko ndani kidogo, kama ncha ya pua.
- 1: huhisi mfupa, ni laini tu kama shavu.

Ukibonyeza kwa nguvu utaufikia mfupa hata kwenye kisigino kitupu kabisa, nawe utaandika 0. Nguvu iwe ileile uliyoitumia kwenye kidevu. Tena usitumie kidole gumba, maana ni kinene na hakitofautishi pua na shavu vizuri. Tumia kidole cha shahada.

Kisigino huwa kitupu kwa sababu mfupa umevutwa juu na kano, mafuta yakabaki chini peke yake. Kwa hiyo kipengele hiki huchelewa kuboreka. Hata baada ya kano kukatwa kinaweza kubaki 0.5 kwa muda, na hilo peke yake lisikutie hofu.

## Hatua ya 7: Kichwa cha talasi

Hiki, LHT kwenye fomu, ndicho kipengele kinachokosewa kuliko vyote, na ndicho kinachoamua kama mguu uko tayari kukatwa kano. Nenda polepole.

Kwanza kitafute. Kwa mkono mmoja shika vidole na metatasali za mtoto. Kwa mkono wa pili weka kidole gumba na kidole cha shahada kwenye nundu mbili za kifundo, ya nje na ya ndani. Sasa telezesha vidole hivyo viwili mbele, bila kuviinua kwenye ngozi. Upande wa nje, mbele tu ya nundu, kidole chako kitapanda juu ya uvimbe mgumu wa mviringo. Hicho ni kichwa cha talasi. Upande wa ndani kidole chako kitaikuta navikula, imesogea karibu sana na nundu ya ndani.

Hakikisha si kitu kingine. Kuna vitu viwili vinavyodanganya. Cha kwanza ni nundu ya nje yenyewe, ambayo iko nyuma zaidi na ni sehemu ya mfupa wa mguu: haihusiki na unyayo. Cha pili ni ncha ya mbele ya mfupa wa kisigino, ambayo iko chini ya kichwa cha talasi, karibu na unyayo. Ukiegemea hiyo unazuia kisigino kuzunguka, na kila kitu kitaonekana kimekakamaa. Anayepima kwa kuegemea hapo atafunga plasta kwa kuegemea hapohapo, na mguu hautanyooka kwa wiki nyingi huku mama akirudi kila wiki na nauli yake.

Njia ya kuhakiki ni hii: sogeza sehemu ya mbele ya unyayo kidogo nje na ndani. Kichwa cha talasi kinabaki pale pale chini ya kidole chako, vingine vinasogea kukizunguka. Ikiwa ulichokigusa kinasafiri pamoja na unyayo, umegusa kisigino. Anza tena kutoka kwenye nundu. Ukikipata, kiwekee nukta ya kalamu.

Sasa pima. Acha kidole gumba kikae kwa wepesi juu ya kichwa cha talasi. Kwa mkono mwingine peleka unyayo nje, ukiwa umeulalisha kidogo kama mtu anayeonyesha wayo wake. Usiugeuze wayo uangalie nje, maana ukifanya hivyo unaongeza tao na unafunga kiungo. Wala usiguse kisigino. Hisi kichwa kinafanya nini chini ya kidole chako.

- 0: kichwa kinatoweka. Navikula imekuja ikakifunika chote.
- 0.5: kinapungua, lakini bado unahisi sehemu yake.
- 1: hakibadiliki. Navikula haijasogea.

Utajua umefaulu ukiweza kufumba macho, ukamwambia mwenzako wakati kichwa kinapozama na kinaporudi, naye akithibitisha kwamba ndivyo anavyousogeza unyayo. Fanyeni zoezi hili wawili wawili. Dakika tano za zoezi hilo zina thamani kuliko mhadhara wa asubuhi nzima.

## Hatua ya 8: Ukakamavu wa kifundo

Kwenye fomu ni RE. Nakiweka mwisho kwa sababu humuudhi mtoto. Ukianza nacho, hivyo vingine utavipima juu ya kilio.

Nyoosha goti kwanza. Msuli wa shavu la mguu unapita nyuma ya goti, kwa hiyo goti likikunjwa unalegea na kifundo kinaonekana huru kuliko kilivyo. Ukiwa umenyoosha goti, peleka unyayo kwenye mnyooko wake wote, kisha uinue kuelekea ugoko. Tazama kutoka pembeni, upande wa nje: pembe kati ya ukingo wa nje wa mguu na ukingo wa nje wa unyayo.

- 0: unyayo unapita pembe mraba na kuelekea ugoko.
- 0.5: unafika pembe mraba na kusimama hapo.
- 1: haufiki.

Onyo kubwa la ukurasa huu wote liko hapa. Ukisukuma mbele ya unyayo kwenda juu wakati kisigino kimeshikwa na kano, unyayo utavunjika katikati. Vidole vitapanda, kisigino kitabaki juu, na wayo utatokeza chini kama tumbo la mtumbwi. Kwa macho ya haraka utadhani kifundo kimefika pembe mraba. Hakijafika. Umeupinda unyayo katikati, na ukirudia hivyo ndani ya plasta utamwachia mtoto kasoro mpya ambayo hakuzaliwa nayo.

Kwa hiyo weka kiganja chote chini ya unyayo, hadi katikati, ndipo uinue. Jicho lako liwe kwenye kisigino. Kisigino kisiposhuka, kifundo hakijainuka, hata vidole vikifika wapi.

## Hatua ya 9: Andika papo hapo

Andika kila kipengele mara tu unapokipima, kabla ya kuanza kinachofuata. Ukisubiri hadi mwisho utakumbuka picha nzima ya mguu, na picha hiyo itarekebisha namba zako zilingane na unachotarajia. Usitazame alama za wiki iliyopita kabla hujamaliza.

Jumlisha vitatu vya katikati: ukingo wa nje, mkunjo wa ndani, kichwa cha talasi. Jumlisha vitatu vya nyuma: mkunjo wa nyuma, kisigino kitupu, ukakamavu wa kifundo. Andika jumla mbili hizo pamoja na jumla kuu. Kadi yenye jumla kuu peke yake haimsaidii mtu: 3 ya mguu uliokaza nyuma tu na 3 ya mguu uliokaza nusu kila mahali ni miguu miwili tofauti, na matibabu yake si sawa.

Kisha chora. Mistari mitatu kwenye grafu, wiki kwa wiki.

## Hatua ya 10: Soma namba, ndipo uamue

Hapa kuna mfano niliouunda kwa ajili ya kufundishia. Namba ya kwanza ni katikati, ya pili ni nyuma:

- Wiki ya 1: 2.5 na 3, jumla 5.5
- Wiki ya 2: 2 na 3, jumla 5
- Wiki ya 3: 1.5 na 2.5, jumla 4
- Wiki ya 4: 1 na 2.5, jumla 3.5
- Wiki ya 5: 0.5 na 2, jumla 2.5

Katikati inashuka kila wiki, nyuma inajivuta. Hivyo ndivyo mguu unaonyooka vizuri unavyokuwa. Usimwambie mama kwamba kisigino "kimegoma" wiki ya tatu. Zamu yake haijafika.

Uamuzi wa kukata kano ya kisigino una masharti matatu yanayokwenda pamoja: alama ya katikati iwe chini ya 1, ya nyuma iwe juu ya 1, na kichwa cha talasi kiwe kimefunikwa chote, yaani 0. Katika mfano wetu wiki ya 4 bado, kwa sababu katikati ni 1 kamili. Wiki ya 5 katikati ni 0.5. Ikiwa hiyo nusu inatoka kwenye ukingo wa nje, na kichwa cha talasi ni 0, mguu uko tayari. Ikiwa nusu hiyo ni ya kichwa cha talasi, funga plasta nyingine. Unaona sasa kwa nini nilikaa sana kwenye hatua ya 7. Hakikisha pia unyayo unakwenda nje kiasi cha digrii 60 hivi bila kulazimishwa.

Kukata kano wakati talasi bado iko wazi kunaachia kisigino kushuka huku viungo vya katikati vimefungwa. Mguu utakanyaga, lakini vibaya.

Alama ya siku ya kwanza inakusaidia pia kuzungumza na familia. Utafiti wa Dyer na Davis uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mguu unaoanza na 4 au zaidi huelekea kuhitaji plasta 4 au zaidi, na ulioanza na alama ya nyuma ya 2.5 au 3 una uwezekano mkubwa wa kuhitaji kukatwa kano. Mwambie mama na baba siku hiyohiyo. Waliosafiri kutoka mbali wanahitaji kupanga nauli, mahali pa kulala na nani atabaki na wengine nyumbani. Familia iliyoahidiwa "wiki mbili tatu" ikafika wiki ya saba huacha kuja, na sitawalaumu.

## Mstari ukikataa kushuka

Plasta mbili mfululizo bila alama kushuka ni ishara ya kusimama. Usiongeze nguvu. Uliza kwa mpangilio huu: plasta ilishuka? Ilipanda hadi juu ya goti, goti likiwa limekunjwa? Anayefunga anaegemea kichwa cha talasi au anaegemea kisigino? Mpimaji ni yuleyule?

Alama ikipanda, mara nyingi plasta ilishuka au ilifunguliwa mapema. Lakini angalia pia umbo hili: unyayo mfupi mnene, mkunjo wa kina unaokata wayo wote kutoka ukingo hadi ukingo, kidole gumba kifupi kilichoinuka juu, na metatasali zote zimeshuka. Mguu wa namna hiyo haufuati kanuni za kawaida, na alama za Pirani hazielezi hatari yake. Ukiendelea kuupeleka nje kama mingine, utaharibika mikononi mwako. Acha kufunga, umtume mtoto kwa mtu aliyezoea miguu ya aina hiyo, na uandike kwenye barua kwamba vidole vilizama ndani ya plasta kama vilizama.

Baada ya kano kukatwa, plasta ya mwisho hukaa wiki 3. Ikitolewa, pima tena vipengele vyote sita kabla ya kumvisha mtoto viatu vya fito, yaani viatu vilivyounganishwa kwa fito ili mguu usirudi, na uandike. Namba hizo ndizo utakazolinganisha nazo miezi 6 baadaye, mama akirudi na kusema viatu vinambana mtoto. Anza na kifundo: ilikuwa 0, sasa imefika 0.5. Mguu umeanza kurudi, na bado kuna muda wa kuurudisha kwa plasta.